Kaliba gani ya nguruwe pori? Kwanza tuongee unampiga wapi

Nikipita Kiwangwa kwenye mashamba ya mananasi sikosi mtu wa kuniuliza habari za kaliba, yaani unene wa risasi na mtutu wake, mara .308 mara .30-06, mara sijui jamaa yake wa Dar kamwambia bila .375 nguruwe pori haanguki, na hapo watabishana mpaka chai inapoa. Hamna hata mmoja anayeuliza risasi inaingilia wapi. Na wale nguruwe wanaokimbia na risasi mwilini huku barabara ya Msata wakaenda kufia vichakani, aisee wengi wao hawakupigwa na bunduki ndogo, wamepigwa pale ambapo ni pa swala.

Niwaeleze. Aliyezoea swala analenga nyuma ya bega kidogo na mnyama analala. Kwa nguruwe hapo unakaribisha ini na tumbo, kwa sababu moyo na mapafu yake yamekaa mbele zaidi na chini zaidi, katikati ya miguu ya mbele. Anayebisha akae karibu siku nguruwe anapopasuliwa, kifua kikifunguliwa utaona moyo umelala karibu kabisa na mfupa wa kifua, usawa wa kiwiko cha mguu, mapafu yamejibana mbele nyuma ya mabega, ukisogeza mkono nyuma vidole vichache tu ushashika ini. Kwa hiyo akisimama ubavu, anza na kwato ya mguu wa mbele, panda na mguu huo huo mpaka theluthi ya chini ya mwili, ishia hapo. Usirudi nyuma hata kidogo. Risasi inavunja bega na kuchukua moyo au mapafu, na nguruwe aliyevunjika bega hafiki mbali.

Halafu kuna zile singa za mgongoni, ndefu na zina weupe weupe, akishtuka zinasimama zote na kwenye mwanga wa magharibi unaona mnyama mrefu kumbe huko juu ni nywele tupu. Unalenga unachodhani ni katikati, risasi inaenda juu, ama inapita hewani ama inagonga vile vifupa virefu vilivyosimama juu ya uti wa mgongo, basi nguruwe anadondoka chali miguu inapiga upepo, watu wanashangilia, wengine washaanza kugawana mapaja, mara kainuka huyo kaondoka zake. Akidondoka kwa mtindo huo ongeza risasi ya pili papo hapo.

Kichwa mimi sikishauri. Ubongo ni mdogo na umekaa huko nyuma, na nguruwe akiwa anachimba muhogo kichwa hakitulii. Kama yuko karibu sana na katulia, ubavuni kwenye shina la sikio sawa, lakini ukikosea kidogo mbele unamvunja taya na huyo atakaa siku nyingi porini hali, hanywi vizuri, mpaka afe. Kama anakutazama uso kwa uso subiri ageuke. Kama anaondoka kimshazari, fikiria bega la upande wa pili, risasi ipite ndani ielekee huko.

Haya tuje kwenye kaliba sasa. Nguruwe pori dume mkubwa anagusa kilo 100 na kidogo, wengi wako chini ya hapo, sio nyati huyo. Ile .22 ndogo iacheni ya ndege na sungura. .223 inaua, sikatai, ila risasi yake ya kawaida ni greni 55, yaani gramu 3.6 hivi, ikigonga mfupa wa bega la dume kwa pembe mbaya inaweza kuvunjikia juu juu, kwa hiyo kama ndiyo uliyonayo tafuta risasi nzito na uwe na subira ya kuchagua. .243 yenye greni 100 ni mwanzo mzuri. .308 na greni 150 kwangu mimi ndiyo jibu, teke lake linavumilika, na kwenye umbali wa mashamba yetu ambao mara nyingi haufiki hata mita 100 huhitaji zaidi ya hapo. Mwenye .30-06 ya urithi wa babu abaki nayo, hiyo kaliba ipo toka 1906 na nguruwe hajabadilika. .375 ya greni 300 ni ya nyati na tembo, kwa nguruwe ni kujiumiza bega na mfuko, na mtu anayeogopa teke anafumba macho akivuta kidole, hapo hata ungempa mzinga atakosa.

Kikubwa kuliko namba ni aina ya risasi. Chukua yenye ncha laini inayofunguka ikiingia. Zile za kijeshi zenye koti zima la metali mpaka kwenye ncha zinatoboa tundu jembamba na kupita, na huku kwetu kupita ni balaa kwa sababu msimu wa mahindi watu wanalala kwenye madungu kulinda mashamba, hujui nyuma ya kichaka kile kuna nani. Ukiwa juu ya dungu unapiga kuelekea chini, udongo unapokea risasi, sawa. Ukiwa chini na nyuma ya nguruwe ni giza, acha aende.

Shotigani wengi mnazo na sio mbaya, SG, yaani risasi yake yenye gololi kubwa chache, ndani ya mita 25 au 30 inafanya kazi, zaidi ya hapo unajeruhi tu. Gobore sitaki hata kulijadili.

Na hizi video za Texas mnazotumiana, nguruwe wale ni wa jamii nyingine, ni uzao wa nguruwe wa kufugwa waliotoroka wakachanganyika na wale pori wa Ulaya, madume yana gegedu gumu begani kama ngao, na toka 2011 sheria yao inaruhusu hata kuwapiga kutoka kwenye helikopta. Wanamimina risasi kumi kwa mnyama mmoja. Wewe una raifo ya kukoki kwa mkono na boksi moja la risasi ulilolinunua kwa kujibana, usiige.

Ukishapiga tulia nusu saa. Nguruwe ana mafuta yanayoziba tundu, damu inaweza isionekane mwanzoni hata kama umempata vizuri. Damu nyekundu ya povu ni mapafu, nyeusi nzito ni ini, ukikuta majimaji ya kijani yanayonuka ni tumbo, hapo subiri masaa kadhaa na usitangulize mbwa, dume aliyejeruhiwa anapasua mbwa kwa meno yale ya chini. Akivuka mpaka wa Saadani umemkosa, usimfuate, kule ni hifadhi ya taifa. Na haya yote ni kwa mwenye kibali cha silaha na leseni ya kuwinda kutoka kwa afisa wanyamapori, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haina utani, na suala la usiku na tochi muulize yeye kabla hujatoka nyumbani.

Nyama wengi wetu huku hatuli, jamaa wa kitimoto ndio wanaopiga simu wakisikia mlio. Kuuza bila kibali ni kesi. Anayekula mwenyewe aipike iive kabisa ndani kwa sababu ya minyoo, na mabaki msiwape nguruwe wa kufugwa, huyu wa porini anabeba virusi vya homa ya nguruwe bila kuumwa, wa bandani wakiipata banda zima linakwisha. Chimbeni shimo refu mfukie, fisi wasifukue.