Siku Tuliyomjadili Leon wa Salamis

Mpwa wangu anasoma Kusadikika ya Shaaban Robert kwa ajili ya mtihani. Juzi usiku, bila hata kuinua macho kitabuni, akaniuliza: "Mjomba, hawa wajumbe kila anayerudi anafungwa. Mbona hawakuhamia huko huko walikotumwa?" Nikamjibu juu juu, nikamwambia amalize kwanza sura. Lakini swali lile lilininyima usingizi, kwa sababu niliwahi kuulizwa hilo hilo, na aliyeniuliza hakuwa mwanafunzi.

Ilikuwa katika mijadala ya kusoma maandishi niliyokuwa nikihudhuria nilipokuwa kijana. Mliokuwa nami enzi zile mnajua nilivyoingia, na wengine hamjakosa kitu. Kurasa za kusoma zinatumwa mapema, mnakaa kuzunguka meza moja, hakuna hotuba. Anayetaka kusema anainua kidole, msimamizi anaandika jina lake, anasubiri zamu. Sharti lilikuwa moja tu: useme juu ya kilichoandikwa, cheo chako kibaki nje ya mlango. Nilikuwa mdogo kuliko wote mle ndani, na sharti hilo nililipenda sana.

Wengi wao walikuwa walibertari, watu wanaoamini kwamba mtu ni wake mwenyewe na kwamba kila amri ya serikali inapaswa kujieleza kabla haijatiiwa. Wengine walikuwa watu wa fasihi na historia tu, walioalikwa kwa sababu walizijua kurasa zile kuliko yeyote. Mchanganyiko huo ndio uliokuwa na raha. Mwanafalsafa anakuja na kanuni yake, na mtu wa historia anauliza: lini, wapi, nani alikuwepo?

Siku ninayoisema tulikuwa na maandishi matatu. La kwanza ni Crito ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Mwaka 399 kabla ya Kristo mwalimu wake, Socrates, yumo gerezani akisubiri kuuawa, rafiki yake anafika alfajiri na mpango wa kumtorosha, naye anakataa. Anazipa sheria za Athens sauti, nazo zinamwambia: umekaa hapa miaka 70, hakuna aliyekufungia mlango, ungeweza kuchukua mali yako ukaenda utakako. Hukwenda. Basi ulitukubali. La pili ni kipande cha John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, kutoka kitabu chake cha mwaka 1689 juu ya serikali, anaposema kwamba hata anayepita tu barabarani ndani ya nchi ameshatoa ridhaa ya kimya kuzitii sheria zake maadamu yumo. La tatu ni insha ya David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, ya mwaka 1748, inayolivunja wazo hilo kwa mkono mmoja. Hume anauliza: mkulima au fundi maskini, asiyejua lugha ya nchi nyingine wala desturi zake, anayekula kwa ujira wa siku ile ile, utasemaje kuwa ana hiari ya kuondoka? Useme basi kwamba mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini amemkubali nahodha, eti kwa kuwa hajajitupa baharini akafa.

Saa za kwanza zilitawaliwa na mwanauchumi mmoja, Profesa kwetu sote, mtu wa sauti ya chini ambaye hakuwahi kukatiza mwenzake. Alimkataa Locke kwa sababu zile zile za Hume, lakini akashika jambo moja: haki ya kuondoka ndiyo haki ya mwisho, na mtawala anayeiogopa anajijua. Akataja mwaka 1685, Louis wa 14 alipoifuta Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu, na kuwakataza Waprotestanti wa kawaida kutoka Ufaransa. Wakatoroka kwa maelfu juu ya maelfu, na ufundi wao ukaenda kuneemesha miji ya wengine. Akataja Agosti 1961, Berlin. "Serikali ikishajenga ukuta wa kuwazuia watu wake wasitoke," alisema, "imekiri yenyewe kuwa haina ridhaa yao." Sikuwa na la kupinga. Hata leo sina.

Zamu yangu ilipofika nikasimulia Kusadikika, maana hakuna aliyekuwa ameisoma. Niliwaeleza kuhusu Karama, anayeshtakiwa kwa kosa la kufundisha watu sheria, na Majivuno anayemshtaki mbele ya mfalme. Karama hajitetei kwa kujisifu wala kwa kuomba huruma. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta yatakayoifaa Kusadikika. Kila mmoja alikwenda, akaona mema, akarudi nayo mikononi, na malipo yake yakawa kifungo. Nikawaambia hadithi hii ilichapishwa mwaka 1951, na kwamba aliyeiandika hakuwa na haja ya kuitaja nchi yoyote ya kweli ili wasomaji waelewe.

Profesa akanitazama kwa muda. Hakuinua kidole. "Kijana, walikuwa wameshatoka," alisema. "Walikuwa ng'ambo, salama, wameona nchi bora. Kwa nini walirudi?"

Nilifungua mdomo na sikuwa na jibu. Katika hadithi wanarudi kwa sababu wametumwa, na kwa sababu wanaipenda nchi yao. Lakini kwenye meza ile maneno hayo yangesikika kama utii tu, na utii ndio tuliokuwa tunaupima.

Aliyeniokoa, ingawa naamini hakuwa na nia ya kuniokoa, ni mama mmoja mwalimu wa Kigiriki aliyekaa kona ya meza. Asubuhi nzima hakuwa amesema neno. Kitabu chake cha Plato kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi mnene, na pembezoni mwa kurasa penseli ilikuwa imepita juu ya penseli. Hakuisubiri zamu. Alikuwa ameacha kidole ndani ya Crito. Sasa akaanza kurudisha kurasa nyuma, taratibu, moja moja, mpaka kwenye Utetezi wa Socrates mahakamani, na msimamizi akaweka kalamu chini. Alisoma kwanza kwa Kigiriki, kimoyomoyo karibu, midomo ikicheza, kisha akatueleza.

Mwaka 404 kabla ya Kristo Athens ilishindwa vita na kuangukia mikononi mwa watu 30, watawala waliotawala kwa kuua. Siku moja wakamwita Socrates na wengine wanne kwenye jengo la duara walikokuwa wakikaa, wakawaamuru waende kisiwa cha Salamis wakamlete mtu anayeitwa Leon ili auawe. Socrates mwenyewe anaeleza sababu: walitoa amri za namna hiyo kwa watu wengi, ili damu iwachafue wengi iwezekanavyo. Wale watano wakatoka nje. Wanne wakashika njia ya Salamis, wakamleta Leon. Wa tano akaenda zake nyumbani.

"Nyumbani," alirudia, na akaugonga ukurasa kwa ncha ya kidole. "Hakutoroka. Hakutii. Hakutoa hotuba pale mlangoni. Mtu yule yule mnayemsoma asubuhi hii akisema lazima azitii sheria mpaka kifo, alipopewa amri hii aligeuka akafuata njia ya kwake. Mnazungumza kama vile kuna kubaki na kutii, au kuondoka na kuwa huru. Huyu alibaki, na hakukubali."

Nimekaa katika vyumba vingi vya watu wanaojua kusema, na sikumbuki kimya kama kile. Nilikuwa naitazama penseli iliyokuwa kando ya mistari ile, alama ya zamani imefifia, ya karibuni bado nyeusi, nikajua kwamba alikuwa amerudi pale kwa miaka mingi, na kila mara alikuta kitu.

Profesa ndiye aliyeanza kusema, na uso wake ulikuwa umebadilika kwa furaha. Akasema huyo ndiye mtu wa La Boétie, yule kijana wa Ufaransa wa karne ya 16 aliyeandika kwamba hakuna haja ya kumsukuma dhalimu. Acheni tu kumshikilia, ataanguka kwa uzito wake. La Boétie anahesabu: watu watano au sita wanamzunguka mtawala, hao wana 600 chini yao, na hao 600 wana 6,000. Amri inashuka ngazi hizo mpaka kwa mtu anayekwenda Salamis. "Mtawala hana miguu ya kufika kule," alisema Profesa. "Anaazima ya wale wanne."

Hapo mzee wa historia akaomba nafasi, na ndipo mambo yalipozidi utamu. Akasema tusisahau nani aliyewaondoa wale 30. Hakuwa Socrates. Alikuwa Thrasybulus, aliyekuwa uhamishoni katika mji wa Thebes, akarudi na watu kama 70 wakaiteka ngome ya Phyle mlimani, na mwaka 403 utawala ule ukavunjika. Chaerephon, rafiki wa Socrates tangu ujana, naye alikuwa amekwenda uhamishoni na wapenda demokrasia akarudi nao. Anytus pia alikuwa upande wao. Na miaka minne baadaye ni huyo huyo Anytus aliyesimama miongoni mwa washtaki wa Socrates. Kwa hiyo, alisema mzee, walioondoka ndio waliouokoa mji, wakaokoa hata maisha ya aliyebaki, kwa maana Socrates mwenyewe anakiri angeuawa kama serikali ile isingeanguka upesi. Na mji huo uliookolewa ndio uliomnywesha sumu.

"Basi waliondoka na wakarudi," Profesa aliniambia mimi, "kama wajumbe wako." Sitausahau uungwana wake. Hakuna aliyemlazimisha kunirudishia swali lake likiwa na nusu ya jibu.

Nilipaswa kushukuru na kunyamaza. Lakini kulikuwa na jina ambalo wote walikuwa wameshalivuka. Nikauliza: "Na Leon?"

Yule mama akafunga kitabu. "Leon aliuawa," alisema.

Mchana tulihamia maandishi mengine, nami siyakumbuki hata kidogo. Baada ya kikao nilimfuata yule mama kwenye ngazi. Nilitaka kujua kama Socrates, njiani kuelekea nyumbani, angeweza kumtuma mtu amwonye Leon. Salamis haiko mbali, ni kivuko kifupi tu. Akasema Plato haandiki lolote juu ya hilo, na kwamba yeye angetoa mengi ili mmoja wa waamuzi wa siku ile awe alimuuliza. Kisha akashuka ngazi, nami nikabaki na karatasi zangu.

Na Profesa tuliandikiana kwa muda mrefu. Msimamo wake ulikuwa safi: wajibu wa mtu huru ni kutokuwa mkono wa udhalimu; ukimwongezea wajibu wa kumwokoa kila Leon, kesho yupo atakayeutumia wajibu huo kumtawala. Nilimwandikia kwamba naukubali mwanzo wa hoja hiyo kwa moyo wote. Watu wengi wangekuwa hai leo kama wanne kati ya kila watano wangekwenda nyumbani. Lakini wajumbe wa Shaaban Robert hawakuishia kukataa ubaya. Walibeba kitu kwenda kwa watu ambao hawakuwaomba, na walilipia. Akajibu kwamba hao walichagua wenyewe, na hiari yao ndiyo inayowapa heshima. Hakuna aliyekuwa na haki ya kuwadai. Hilo nalo ni kweli. Hakunishinda, sikumshinda. Ninapokwama mpaka sasa ni pale pale kwenye njia ya nyumbani: Socrates alikuwa na haki ya kwenda kwake, sheria ya 30 haikumfunga, dhamiri yake ilikuwa safi, na wakati huo huo wale wanne walikuwa tayari njiani.