Nilivyoacha kupima uaminifu wa kompyuta kwa wastani

Tulikuwa na mtandao wa kompyuta zinazotunziana faili bila seva kuu. Ukiomba kipande cha faili, unakipata kwa kompyuta usiyoijua. Kazi yangu ilikuwa kuamua ipi iaminiwe.

Nilianza kivivu: maombi yaliyofaulu gawa kwa maombi yote. Kompyuta iliyoingia leo ikatoa kipande kimoja kizuri ikapata 1 kamili, ikaipita iliyofaulu mara 98 kati ya 100. Faili mbovu zikaanza kusambaa.

Dawa niliipata kwa watafiti Audun Jøsang na Roslan Ismail, katika mfumo wao wa kupima sifa wa mwaka 2002. Fomula ni fupi hadi niliitilia shaka: mema (maombi yaliyofaulu) jumlisha 1, gawa kwa jumla ya mema na mabaya jumlisha 2. Mgeni akashuka hadi 0.67, mkongwe akabaki na 0.97. Asiye na historia yoyote anapata 0.5, yaani bado hatumjui.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe kompyuta moja ilikuwa inajiwekea akiba ya sifa: ilifaulu mara 500, kisha ikaanza kutoa takataka. Baada ya makosa matano bado ilikuwa na 0.99! Ikabidi mfumo ujifunze kusahau. Kila tukio jipya likija, hesabu za nyuma zinazidishwa kwa namba iliyo chini ya 1. Nilipoweka 0.9, makosa matano mfululizo yaliishusha kompyuta bora kutoka 0.92 hadi 0.58, lakini hata njema zilizokatikiwa na intaneti kwa muda mfupi ziliadhibiwa vilevile. Nikatulia kwenye 0.95.

Kisha wajanja wakagundua kwamba aliyeanguka chini ya 0.5 anaweza kujitoa na kurudi na jina jipya. Nikashusha alama ya kuanzia hadi 0.1, nikatenga ombi moja kati ya 20 kwa ajili ya wageni, wasije wakakosa kabisa nafasi ya kujenga sifa.

Ila mtu mmoja kujifanya watu mia kwa majina tofauti, hapo hesabu ilinishinda. Mtafiti John Douceur alishaonyesha, mwaka huohuo wa 2002, kwamba bila mamlaka ya kuthibitisha utambulisho, uwezekano huo haufungiki kabisa. Tukaweka seva moja ya usajili. Iliniuma, maana kutokuwa na mkuu ndiyo fahari tuliyokuwa tukiringia.