Omo la Jahazi

Nimerudi Amu, yaani Lamu, miezi minne sasa, baada ya miaka 11 Hamburg. Nimekuja na sanduku moja la nguo na jingine la kazi yangu ya kuchonga na kuchapa picha: patasi ndogo, rola, wino, na vipande vya linoleamu nilivyokwisha kuvichonga. Karibu vyote ni vya pwani. Kule, wakati wa baridi, linoleamu hukakamaa, nikawa naiweka juu ya hita ilainike, ndipo nichonge mikoko, punda wa vichochoroni, majahazi.

Hapa jua linatosha. Kipande nakianika barazani dakika chache tu. Linoleamu ni mafuta ya kitani na vumbi la koki juu ya gunia, ikipata joto inalegea na patasi inapita kama kwenye sabuni. Shida ni wino. Huu wangu wa maji unakauka kwenye rola kabla haujafika kwenye karatasi, kwa hiyo napiga chapa baada ya sala ya alfajiri, basi. Mashine ya kugandamiza sina. Natumia upawa wa mama. Kifuu chake kimesuguana na sufuria miaka na miaka hadi kimekuwa laini kabisa. Nikiupitisha mgongo wake nyuma ya karatasi, polepole, kwa kuzungusha, weusi unatoka umeshiba, hauna mabaka.

Wiki iliyopita nilichukua chapa ya jahazi, ile niipendayo kuliko zote, nikampelekea ami yangu Matondoni. Ni fundi wa vyombo.

“Sabalkheri, ami.”

“Akheri, mwanangu. Lete niione.”

Akapangusa vumbi la mbao mikononi, akaishika kwa ncha za vidole. Akanyamaza kitambo. Kisha ukucha wake ukatua mbele ya chombo.

“Hini si jahazi ya Amu. Omo lalala. Hini ya Unguja.”

Kweli tupu. Omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kwa jahazi la kwetu husimama wima, maana chombo hupandishwa mchangani. La Unguja huinama mbele likate mawimbi. Nimezaliwa hapa, nimeyaona majahazi tangu utotoni yakitoka na kusi, na bado miaka yote ile nilichonga omo la kwingine nikiliita la nyumbani. Iliniuma sana. Njia nzima ya kurudi sikuzungumza na mtu.

Bahati nzuri linoleamu inakubali kupunguzwa. Usiku uleule nikaitoa ile pembetatu ya mbele, unyuzi kwa unyuzi, hadi omo likasimama. Juzi nikarudi Matondoni na chapa mpya. Ami akaitazama, uso ukamkunjuka, akaniita fundi mwenzake. Kisha akainama tena.

“Na kamba ya demani i wapi?”

Kamba hiyo ya tanga haikuwapo. Mahali pake nilikwisha kupachonga pakawa peupe, na linoleamu haikubali kuongezwa. Leo asubuhi nimekata kipande kipya.