Nilivyomlisha mama samaki Feri, tukiwa watu nane, kwa hela ya boom

Mama alipopiga simu kusema anakuja Dar wiki mbili, furaha yangu ya kwanza ilikuwa nitampeleka kula nje. Mama yangu hajawahi kukaa mahali akahudumiwa chakula, yeye ndo anayehudumia siku zote, na mimi niko mwaka wa tatu chuo kikuu, Mlimani, nikasema hapana, safari hii lazima nimtoe.

Kosa nililofanya ni kuomba ushauri kwa watu wengi. Kila niliyemuuliza ananiambia mpeleke sehemu ya maana, mpeleke Masaki, mama anakuja mara moja kwa miaka mitatu halafu umpeleke kwa mama ntilie? Basi nikajaa maneno. Boom, yaani ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ilikuwa imeingia, na wanaojua boom wanajua inavyodanganya: inahesabiwa elfu kumi kwa siku lakini inaingia kwa mkupuo wa kama miezi miwili, ukiiona kwenye simu unajiona una hela kumbe ni ugali wa siku sitini umelala pale pamoja.

Nikawachukua mama, mdogo wangu na mama mdogo anayekaa Tabata, tukaenda kwenye mgahawa mmoja upande huo wa baharini, siutaji jina. Viti vizuri, maua, muziki wa chini. Menyu ikaletwa. Nilikuwa namwangalia mama. Aliifungua, akapitisha kidole kwenye bei sio kwenye chakula, kidole kikawa kinashuka taratibu mpaka chini kabisa ya ukurasa, akaifunga, akaiweka mezani, akasema "Mimi mbona nimeshiba, niagizieni chai tu." Na tangu asubuhi alikuwa hajala kitu! Mama mdogo alivyosikia hivyo na yeye akashiba hapohapo. Nikawabembeleza, mama hawezi, anasema tumbo limejaa gesi. Mwisho tukaagiza sahani mbili za kugawana watu wanne na chai. Chai ikaja na kibiskuti kimoja pembeni, mama akakifunga kwenye tishu akakiweka kwenye pochi, anampelekea mtoto wa mama mdogo.

Bili ilipokuja kuna VAT imeongezwa juu, asilimia 18, na kitu kingine wanaita sevisi, yaani bei niliyokuwa naipiga kichwani tangu nimekaa haikuwa bei. Ikabidi nijazie na Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, mbele ya mama. Njiani kwenye daladala akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ile hela ni ya kula siku ngapi?" Nikamwambia usijali mama. Alikuwa anajua. Usiku sikulala vizuri, sio kwa sababu ya hela tu, ni kwamba nimemtoa mama yangu kula na amerudi na njaa.

Nikajiapiza kabla hajaondoka nitarudia, na safari hii sitauliza mtu anayeishi kwa picha za simu.

Wazo la Feri, lile soko la samaki, lilinijia nikiwa kafteria, naangalia kipande cha samaki kwenye wali ambacho kimekatwa mpaka unajiuliza kilikuwa samaki gani. Kwetu ni Makambako. Samaki wa baharini akifika kule amegandishwa au amekaushwa, mama hajawahi kula samaki aliyetoka kwenye maji leo. Na soko la Feri liko palepale mabasi ya mwendokasi yanapoishia, Kivukoni, unashuka unatembea dakika chache umefika. Wajapani ndo walisaidia kulijenga, likafunguliwa 2002, na ndani yake kuna watu kazi yao ni kukaanga tu. Unakuja na samaki wako, wanakukaangia, unakaa kwenye benchi unakula. Watu wa mjini wote wanajua hili lakini sijui kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia.

Alhamisi nikaenda peke yangu kujaribu. Nilifika kama saa nne asubuhi nikidhani nimewahi, kumbe mnada mkubwa umeshapoa. Yale mafungu yanayopigiwa mnada ni makubwa, ni ya wachuuzi na wenye mahoteli, mtu mmoja na kimfuko chako huwezi, na dalali hana muda wa kukukatia robo. Nikaenda kwa wale wanaouza rejareja nje, nikanunua samaki watatu aina ya changu kwa bei ambayo baadaye niliambiwa ni karibu mara mbili. Nikawapeleka kwa mama mmoja mkaangaji, mtu mzima, kajifunga kanga mbili. Hakusema kitu. Alimshika samaki wangu, akafunua mashavu kwa kidole gumba, akanionyesha. Yamepauka, rangi ya kahawia kama chai ya maziwa. Kisha akachukua samaki wa mteja mwingine akafunua, nyekundu kabisa, damu mbichi. Akabonyeza mwili, ukarudi. Akabonyeza wangu, shimo likabaki. "Umeona mwanangu? Huyu wako kalala kwenye barafu."

Hapo ndo nilipata mwalimu. Nilikaa naye karibu saa zima nikila wale wale samaki wangu, nikamweleza habari za mama na Masaki na chai. Alisikitika kweli, akasema mama mzima anashindishwa na kikombe cha chai! Akanipa mambo ambayo naona kila mtu anayetaka kuwatoa watu pale ayajue. La kwanza, uangalie mwezi. Wavuvi wa taa, wale wanaovua vibua na dagaa usiku, mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti samaki, basi wengi hawaendi, soko linakauka na hata samaki wa mshipi wanapanda bei maana wote wanawagombania. Mimi nilikuwa nimepanga Jumamosi ileile, nikaangalia kalenda, mwezi ulikuwa umeshapungua, unachomoza usiku mkubwa. Akasema hapo sawa. La pili, njoo alfajiri. La tatu, na hili ndo lililoniokoa, usinunue mnadani peke yako, njoo tununue wote. Yeye kila siku ananunua fungu na wenzake wawili watatu wanagawana, akasema ataniweka kwenye mgao wake.

Jumamosi mimi na roommate wangu tulikuwa Ubungo kwenye mwendokasi ya mapemaaa, giza bado. Feri saa kumi na mbili ni dunia nyingine jamani. Boti zinaingia, vijana wanashuka na matenga kichwani maji yanawamwagikia mgongoni, dalali anaimba bei mpaka huelewi kama ni elfu ishirini au laki mbili, na mkaangaji wangu kasimama kimya katikati ya wanaume anainua kidole kimoja tu, anashusha, anainua. Wakatupiwa fungu la changu na tasi, na vibua pembeni. Tulipogawana pale sakafuni sehemu yangu ilikuwa samaki kumi na kitu, vibua sijahesabu, na kipande cha pweza, mkaangaji ndo alinisisitizia ninunue. Yote kama elfu ishirini na tano, ishirini na saba hivi. Kwa hela hiyo kule Masaki ningepata sahani moja na maji.

Jambo la hela lingine nilishalimaliza kabla. Rafiki zangu wawili waliokuja, roommate na mwenzetu mmoja, walinitumia elfu tano tano kwenye M-Pesa tangu Ijumaa, mama na mama mdogo hawakuambiwa chochote kuhusu bei, na mkaangaji nilimlipa asubuhi ileile kila kitu, kukaanga, ugali, kachumbari. Yaani mama anapofika mezani hakuna menyu, hakuna bili, hakuna mtu atakayetoa pochi mbele yake. Nilitaka asipate hata sehemu moja ya kupitisha kidole.

Wakafika kama saa sita, mama, mama mdogo na watoto wake wawili, na mdogo wangu. Ukijumlisha na mimi na wale rafiki wawili tukawa nane. Jagi la maji likapita, tukanawa. Mama akasimama kuangalia karai, lile karai ni kubwa, linatosha kuogeshea mtoto, kuni chini zinawaka. Mkaangaji alikuwa ameshawachanja samaki ubavuni na kuwapaka chumvi, ndimu na kitunguu swaumu. Hakuwatupa tu. Alimshika wa kwanza mkiani, akachovya kichwa kidogo kwenye mafuta, akasikiliza. Ule mlio ukija mkali ndo akamwachia. Mama akatikisa kichwa kama fundi anayemwona fundi mwenzake, wakaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe, mafuta ya alizeti ya kwetu, bei ya dumu, mimi nikawaacha.

Tulikula jamani. Sahani kubwa katikati, ugali wa moto, pilipili ya kusaga, ndimu. Mama alianza na kibua kimoja kwa adabu. Akamaliza. Akavuta changu, akala mpaka kichwa, akanyonya na macho, akabaki na mfupa mweupe msafi kauweka pembeni ya sahani. Halafu akasema neno ambalo ndo nilikuwa nalisubiri tangu siku ile ya Masaki: "Nipe mwingine." Roommate wangu akanikanyaga mguu chini ya benchi, yeye alikuwa anajua. Pweza alimwogopa mwanzoni kwa sababu ya ile mikono, akaonja kakipande, akasema kama firigisi, akachukua na cha mama mdogo.

Tuliposhiba nikawapandisha pantoni ya kwenda Kigamboni, shilingi mia mbili kwa mtu, pale ni pua na mdomo na Feri. Ni dakika chache tu kuvuka ila kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga chombo cha majini ni safari. Mama kashika chuma kwa mikono miwili, upepo unampeperusha kilemba, kampigia shangazi Makambako anapiga kelele, "Wifi, nipo juu ya bahari!" Ng'ambo tukanywa madafu, tukakaa kivulini, tukarudi. Kila kitu ukijumlisha pamoja na nauli haikuzidi elfu hamsini na tano kwa watu nane, na elfu kumi yake ni ya rafiki zangu.

Wale wanaosema nenda Feri jioni bei inashuka, ni kweli inashuka, ila unauziwa wale wa shimo la kidole, mimi sirudii. Na kama hamtaki samaki, mihogo ya ufukwe wa Coco jioni inatosha kabisa kwa watu wenye mazungumzo.

Jumatatu mama aliondoka. Jumapili nilirudi Feri alfajiri, mkaangaji akanikaangia vibua kumi wakavu kabisa wa safari, akawafunga kwenye gazeti, hakuchukua hela ya kukaanga. Basi lilipofika Morogoro mama akanipigia, akasema amefungua kidogo tu aonje, na sasa abiria wa siti tatu za nyuma wanauliza amenunua wapi, na wamebaki vibua wanne.