Ekseli ya nyuma ya Land Rover 109: pima kwanza, lipa baadaye

Pikapu ya Land Rover 109 (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ikianza kulia nyuma, ushauri wa kwanza unaosikika gereji ni kubadilisha ekseli nzima. Ukizunguka Dar es Salaam, Shauri Moyo pale Ilala, Gerezani, na kwenye yadi za watu wenye magari yasiyotembea tena, ekseli utaipata. Ugumu uko kwingine. Ekseli za Land Rover zinafanana sana kwa macho na zinatofautiana sana kwa vipimo, na muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni ya Land Rover, inaingia bila shida." Ni kweli ni ya Land Rover. Swali ni Land Rover ipi.

Lakini kabla hujaenda kokote, hakikisha kweli ekseli ndiyo mbovu. Muungurumo unaobadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia ni wa krauni na pinioni, gia mbili zinazosagana ndani ya difu (fungu la gia la katikati ya ekseli), au beringi za pinioni. Muungurumo unaofuata mwendo tu, ukanyage usikanyage, anza kuutafuta kwenye beringi za habu, kitovu cha gurudumu. Kishindo unapoingiza gia mara nyingi kinatoka kwenye krosi (maungio) za propela, shafti inayoleta nguvu kutoka gia boksi, au kwenye meno yaliyolika ya hafushafti, chuma kinachotoka difu hadi gurudumu.

Injini ikivuma, gia imeingia, na gari limesimama palepale, hafushafti imekatika. Hapo hulazimiki kununua ekseli. Kwenye ekseli hizi uzito wa gari unabebwa na habu, hafushafti kazi yake ni kuzungusha tu. Unafungua bolti sita za flanji na kuivuta nje, tairi likiwa chini. Kipande kilichobaki ndani lazima kitoke chote, hata kama itabidi kuishusha difu, kwa sababu kikiachwa kitaingia katikati ya meno. Ukikwama njiani, ingiza gia ya magurudumu manne na gari litakupeleka nyumbani kwa ekseli ya mbele taratibu.

Ekseli nzima inahitajika pale hauzingi yenyewe, yaani kasha la ekseli, inapokuwa imekwisha: mrija umepinda kwa mizigo ya miaka mingi, umepasuka pembeni ya kikalio cha springi, au kutu imetoboa. Kupinda kwa kwenda mbele au nyuma kunapimika bila mashine. Gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa, pima umbali kati ya rimu mbili za nyuma, mara moja mbele ya ekseli na mara moja nyuma yake, kwa kimo kilekile kutoka chini. Sukuma gari mpaka tairi lizunguke nusu, upime tena. Tofauti ikihama, rimu ndiyo iliyopinda. Ikibaki palepale, ni mrija.

Sasa twende kwenye aina. Chini ya 109 kwa kawaida utakuta moja kati ya mbili. Magari ya matoleo ya Series II na IIA kwa kawaida yana ekseli ya Rover, na 109 nyingi za Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, zina Salisbury. Kuzitofautisha ni rahisi ukiinama nyuma ya gari. Ya Rover ina kibonge cha bati nene kilichochomelewa, hakifunguki, na difu inatolewa kwa mbele ikiwa nzima. Salisbury ina hauzingi kubwa ya chuma cha kumimina, mirija imesukumwa ndani kila upande, na nyuma ina mfuniko wa bolti.

Salisbury ina nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Krauni yake ni kubwa na hafushafti zake ni nene, wakati hafushafti za Rover za zamani zina meno 10 tu upande wa difu na hukatika hapo zikibebeshwa mzigo kupita kiasi au klachi ikiachiwa kwa ghafla. Hata hivyo tusidharau ya Rover. Difu yake ikifa, fundi anatoa hafushafti mbili, propela na nati za difu, anaweka difu nyingine iliyokwisha kupimwa mezani, na jioni gari linatembea. Ya Salisbury inasetiwa ndani ya hauzingi yenyewe kwa shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi), na hauzingi inatakiwa itanuliwe kidogo ili difu ipite. Mafundi wa kuiseti vizuri ni wachache, na Salisbury iliyosetiwa kwa kukisia italia kuliko ile uliyoitoa.

Msimamo wangu ni huu: kama gari lako lina Salisbury, tafuta Salisbury nyingine iliyo nzima. Kama lina Rover na mizigo yako ni ya kawaida, rudisha Rover yenye difu nzuri. Kuhama kutoka Rover kwenda Salisbury kuna maana pale pikapu inapobeba mchanga, kokoto au matenki ya maji kila siku, na uwe tayari kwa kazi ya ziada. Pua ya Salisbury ni ndefu, kwa hiyo propela ya Rover haitaingia, unahitaji ya Salisbury iliyo fupi zaidi. Mirija ni minene, kwa hiyo yu-boti (bolti za umbo la U zinazoshika ekseli kwenye springi) na bamba zake za chini uchukue palepale ekseli inapotoka. Ekseli bila propela yake ni nusu ya ununuzi.

Jambo linaloharibu kazi kuliko yote ni uwiano wa difu. Series za 109 kwa kawaida zinatumia 4.7: propela inazunguka mara 4.7 tairi likizunguka mara moja. Range Rover ya zamani na One Ten (Land Rover 110, iliyorithi nafasi ya 109) zinatumia 3.54. Na One Ten nayo ina Salisbury nyuma! Ukiitazama hauzingi ya katikati huoni tofauti. Kwa hiyo hata ukikuta ekseli ya 109 halisi, kama iliwahi kufunguliwa, huwezi kujua fundi aliyepita aliweka krauni ya gari gani.

Pima hapohapo dukani. Mwombe mtu ashike habu moja isizunguke kabisa. Weka alama ya chokaa kwenye flanji ya pinioni na nyingine kwenye habu ya upande wa pili. Zungusha habu hiyo mizunguko miwili kamili, kwa sababu upande mmoja ukishikwa, mizunguko miwili ya habu ndiyo mzunguko mmoja wa krauni. Hesabu flanji ya pinioni imezunguka mara ngapi. Ikikaribia mara tano kasoro robo, ni 4.7. Ikifika mara tatu na nusu, ni 3.54, iache. Rudia kwa kubadilisha upande, na usikilize mkono wako wakati unazungusha: mahali inapokwama kidogo kila mzunguko, kuna jino lililovunjika au beringi yenye kutu.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa 3.54 nyuma, mwendo uliokuwa kilomita 60 kwa saa unakuwa karibu 80 kwa mzunguko uleule wa injini. Injini ya lita 2.25 haina nguvu ya kuvuta mzigo kwa uwiano huo, klachi italika na mlima mdogo utakulazimu gia ya pili. Baya zaidi ni ekseli ya mbele kubaki 4.7. Barabarani kwa magurudumu mawili hutaona kitu. Siku utakapoingia mchanga wa Kigamboni na kuvuta wenzo mwekundu kuingia gia nzito, ekseli ya mbele itaungana na ya nyuma, kila moja inataka mwendo wake, na kitakachovunjika ni kile kilicho dhaifu kati ya transfa (gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma), propela na hafushafti.

Upana unatosha kuupima kwa futi. Katikati ya tairi hadi katikati ya tairi, Series ni mm 1308. Range Rover ya zamani na One Ten ni mm 1486. Tairi litatoka nje karibu mm 89 kila upande. Ekseli hizo pia zimetengenezwa kwa koili springi, hazina vikalio vya springi za bapa. Utaambiwa vikalio vinachomelewa. Vinachomelewa, ndiyo, lakini moto wa kulehemu unaupinda mrija, na pembe ya pinioni ikikosewa propela itatetemeka na kumaliza krosi. Ekseli ya Land Rover 88, ile fupi, ina upana sahihi na uwiano sahihi, ila breki zake za nyuma ni drami za inchi 10 wakati za 109 ni inchi 11. Usiziache hizo ndogo chini ya gari la mzigo.

Wapo wanaofunga ekseli ya Land Cruiser. Ni ekseli imara, lakini nyingi zina uwiano wa 4.1, stadi zake (bolti za kufungia tairi) ni sita badala ya tano, na difu ya Land Rover imekaa upande wa kulia kufuata tundu la transfa. Difu isiyokaa upande huo italaza propela kwa pembeni. Kazi hiyo ina maana ukibadilisha ekseli zote mbili pamoja. Ukiwa na mashaka kuhusu stadi, pima katikati ya stadi mbili zinazofuatana: Land Rover inatoa takriban mm 97, ambayo ni duara la mm 165.1.

Ekseli ikishapita kwenye vipimo, ikague. Fungua nati ya oili kabla ya kukubaliana bei. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yaliingia, na gari lililopita kwenye mafuriko ya Jangwani likalala hivyo wiki kadhaa lina beringi zenye vidoa vya kutu hata kama meno yanang'aa. Piga bati la kibonge cha Rover kwa nyundo ndogo, hasa sehemu ya chini. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na chumvi ya bahari kinatoa sauti iliyokufa, na ukikwangua rangi utakuta tabaka za kutu zinabanduka. Wauzaji hupaka rangi nyeusi mpya, kwa hiyo usione haya kukwangua.

Kisha vua habu na upitishe ukucha juu ya ile ringi ambayo mdomo wa oili sili unakaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitazuia kitu, oili itashuka kwenye breki shuu. Ringi hubadilishwa peke yake, ila bei yake uitoe kwenye bei ya ekseli. Mahali beringi zinapokaa kwenye stabu, ncha ya ekseli inayobeba habu, pasiwe na rangi ya bluu, hiyo ni dalili ya joto kali. Mwisho dai risiti yenye jina la aliyeuza. Spea za wizi zipo mjini, na risiti ndiyo itakayokutetea.

Siku ya kufunga, kumbuka jambo moja linaloumiza watu: hendibreki ya Land Rover hizi inashika propela ya nyuma, haishiki magurudumu. Ukifungua propela au ukivuta hafushafti, hendibreki imekufa na gari linaweza kutembea. Weka magogo mbele na nyuma ya tairi za mbele kabla hujagusa bolti yoyote, na egemeza chasisi kwenye stendi, jeki peke yake haitoshi.

Bolti za propela zina mtego wake. Magari ya zamani yana uzi wa kiwango cha BSF, ya baadaye cha UNF. Kwa unene wa 3/8 zote zinalingana kwa macho, lakini BSF ina nyuzi 20 kwa inchi na UNF 24. Nati isiyo yake itaingia mizunguko miwili kisha itauma, na ukilazimisha umeharibu bolti inayoshika propela. Vichwa vya BSF vinataka spana za Whitworth. Za milimita zitavilainisha.

Nunua yu-boti mpya, hakikisha kichwa cha senta bolti kimekaa ndani ya tundu la kikalio, kisha kaza yu-boti kwa zamu. Bolti za sheko za springi zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake, la sivyo bushi zitakatika mapema. Beringi za habu ziachie mchezo wa karibu mm 0.1. Oili ya difu ni EP90: ekseli ya Rover inachukua takriban lita 1.7, Salisbury lita 2.5. Safisha kipumulio juu ya mrija, maana kikiziba, joto linasukuma oili ipite kwenye sili hata zikiwa mpya. Toa upepo kwenye breki, ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na pampu.

Baada ya kilomita 100 kaza yu-boti na bolti za propela tena, na uguse habu zote mbili. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, beringi yake imebanwa. Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 1000 kwenye beseni safi. Vumbi laini la chuma kwenye ekseli kuukuu ni la kawaida. Ukipata kipande kinachoshikika kwa vidole, fungua difu kabla gari halijabeba mzigo mwingine.