Ndiga zangu za Sikonge

"Chemsha masaa mawili tu, uchungu wote unaisha." Aliyeniambia hivyo kuhusu ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, ni mtu mzima mwenye mvi zake, hapa nje kidogo ya Sikonge, nami nikaamini. Masaa mawili yakapita, nikaongeza la tatu, mkaa wa kama elfu mbili ukateketea. Nikaweka ulimini kipande kidogo kuliko punje ya mahindi. Uchungu ulipanda hadi masikioni! Nikatema, nikasukutua, nikatema tena, kisha nikakaa kibarazani kuhesabu vidole nione kama bado ni kumi. Kuku walidonoa mara moja, wakanitazama kama wananidai.

Nikampigia bibi, mzaliwa wa Handeni, aliyevuka njaa ya 1974 kwa ndiga hizohizo.

"Mume wangu, unataka kuniacha mjane? Ndiga haiogopi moto, inaogopa maji!"

Akanisema mpaka salio likakata. Sumu ya ndiga hupiga mishipa ya fahamu: mtu huanza kama mlevi, ikifuata degedege, na wapo wasioamka.

Nikachimba nyingine. Mmea huu hujisokota mitini, shina lina miiba, na majani yake hukaa matatumatatu kwenye kikonyo kimoja. Ilikuwa Mei, mvua zimekata lakini kijito bado kinatiririka. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Vipande vyembamba nikavitia kwenye kiroba cha mchele nilichokitoboatoboa kwa msumari wa moto, nikatumbukiza jiwe ndani, nikakifunga kwenye mzizi kwa kamba ya kiatu. Tena chini kabisa ya kijito, kupita pale wanapochota maji watu na kunywa ng'ombe wao, sumu isiwafikie. Asubuhi kiroba hakuna. Nimekikuta kimenasa kwenye matete, mimi nimevaa kiatu kisicho na kamba, watoto wananicheka. Nikanunua kamba ya katani.

Kila asubuhi nilikikanyagakanyaga, maji meupe yakitoka. Siku ya nne nikaonja kwa ncha ya ulimi: uchungu bado upo kwa mbali. Bibi alishasema, ukiusikia hata kidogo rudisha mtoni. Nikarudisha siku mbili zaidi. Kisha kuchemsha na kumwaga maji, mara mbili. Nikala vipande viwili peke yangu, watoto wasiguse, nikasubiri mpaka kesho yake.

Bibi akauliza ladha. Nikamwambia, kama kiazi kisicho na habari.

"Ndiyo hiyohiyo. Sasa kapande mihogo."