Maji ya mwanzo nayaacha yapite
Jana usiku mvua imepiga mabati mpaka nikaamka kwenda kuangalia mfereji wa paa. Maji ya mwanzo yalitoka ya kahawia, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege, nikayaacha yamwagike. Yalipotakata ndipo nikageuza bomba liingize tangini.

Jamani, paa linavuna! Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Langu lina mita za mraba 60, kwa hiyo mvua ya milimita 20 ni karibu lita 1,200, ukitoa kidogo kinachopotea.

Mdomo wa tangi nimeufunga wavu mwembamba, mbu wasitage humo. Ya kunywa nachemsha. Asubuhi nimefua mashuka yote, na povu lilivyojaa kwa sabuni kidogo tu!